Jinsi ya Kustaafisha Seva ya Kampuni, Diski kwa Diski

Miaka kadhaa nyuma nilinunua seva iliyotumika kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Mimi nilitaka mashine ya kufanyia mazoezi nyumbani, yeye alitaka nafasi dukani, bei ikapatikana bila kuvutana sana. Ilikuwa Dell PowerEdge R720xd, ile nene ya diski 12 mbele, na nafasi zote za mbele zilikuwa wazi. "Diski walishatoa wenyewe kaka, hili ni bodi tu," akaniambia. Nilipofika nyumbani nikaigeuza nichomeke waya wa umeme. Upande wa nyuma kulikuwa na vijidroo viwili vidogo, na kila kimoja kina diski yake.

Nikazisoma. Hazikuwa hata zimefomatiwa. Humo nilikuta mishahara ya miaka mitatu, namba za akaunti za benki za wafanyakazi, vitambulisho vilivyoskaniwa, na barua ya onyo kwa mlinzi aliyekutwa amelala lindoni. Nikamtafuta mtu wao wa kompyuta, akakataa katakata: "Haiwezekani, nilitoa diski zote kwa mkono wangu." Wala hakuwa anadanganya. Alitoa 12 alizoziona.

Tangu hapo, nikiitwa ofisini kwa watu kustaafisha seva, natoa kalamu na karatasi kabla ya bisibisi. Kufuta diski kunataka amri mbili tatu na subira. Kinachowashinda wengi ni kujua zilikuwa ngapi na kila moja imeishia mikononi mwa nani.

Na msidhani ni ugonjwa wa ofisi ndogo. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilipofunga vituo viwili vya data mwaka 2016, kazi ya kuondoa vifaa ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wowote wa kufuta data. Wahamishaji wakauza vifaa, vikapita mkono kwa mkono, diski zikaishia kwenye mnada wa mtandaoni zikiwa na taarifa za wateja. Benki ilikuja kujua baada ya mnunuzi mmoja, mtu wa kompyuta wa Oklahoma, kuiandikia barua pepe. Mwaka 2020 ikapigwa faini ya dola milioni 60 na msimamizi wa mabenki, na mwaka 2022 dola milioni 35 nyingine na msimamizi wa masoko ya hisa, ambaye alisema wateja walioguswa ni takriban milioni 15. Diski nyingi hazikupatikana tena. Vifaa vingine vilikuwa na uwezo wa kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo, tangu vinunuliwe, ila hakuna aliyeuwasha.

Mwongozo huu ni wa ofisi ya kawaida: seva moja hadi kumi, mtu mmoja wa kompyuta, na bosi anayetaka chumba kiwe wazi kufikia Ijumaa. Mwambie bosi mapema kwamba Ijumaa hii haiwezekani.

Hatua ya 1: Jua seva inamtumikia nani

Seva ya miaka minane ina wapangaji usiowajua. Kwenye makaratasi ni ya mfumo wa uhasibu, lakini humo humo ndimo ilipo leseni ya Tally inayotafutwa na kompyuta zote za hesabu, mashine ya alama za vidole ya getini inatuma mahudhurio huko, na skana ya ghorofa ya pili inatupia PDF kwenye folda ambayo aliyeitengeneza alishaacha kazi.

Zunguka uulize. Usiulize "mnatumia seva hii?", maana hakuna anayejua anatumia seva ipi. Uliza "asubuhi ukifika unafungua nini?" Kisha iulize mashine yenyewe. Kwenye Windows, `net session` inaonyesha waliounganishwa na folda za pamoja, na `netstat -ano` inaonyesha miunganisho yote. Kwenye Linux tumia `ss -tunap`. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa, uandike kila anwani usiyoitambua.

Halafu ndiyo lije jaribio la kelele: chomoa waya wa mtandao, seva iendelee kuwaka, usikilize nani atapiga kelele. Wengine husubiri wiki moja. Mimi nasubiri mwezi mzima, kwa sababu kuna kazi zinazokuja mara moja tu kwa mwezi. Ngoja ipite tarehe 7 ya PAYE, ipite tarehe 20 ya ritani ya VAT. Mhasibu asipokupigia simu tarehe 20, uko salama.

Hatua ya 2: Hamisha data, kisha irejeshe kweli

Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha ihesabu kuwa haipo. Chukua bakapu ya mwisho, irejeshe kwenye mashine nyingine kabisa, fungua daftari la mauzo la mwaka juzi, mwite mhasibu alitazame kwa macho yake na aweke sahihi. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5, Tanzania na Kenya pia, kwa hiyo usifute mpaka ujue nakala ya miaka hiyo iko wapi.

Kuna mtego hapa uliowahi kuniumiza tumbo: funguo. Bakapu ikiwa imesimbwa, na ufunguo wake umehifadhiwa kwenye seva ile ile unayotaka kuifuta, utabaki na sanduku lisilofunguka milele. Toa kwanza funguo za BitLocker (programu ya Windows ya kusimba diski), vyeti vya tovuti, funguo za programu ya bakapu, na ile flashi ya leseni iliyochomekwa nyuma ambayo kila mtu anaidhania ni takataka.

Hatua ya 3: Iage kwenye mtandao

Kama seva ni ya domeni, yaani inaendesha Active Directory, mfumo wa Windows unaosimamia akaunti za watu wote na kompyuta zao, usiizime tu ukaenda zako. Angalia kwa `netdom query fsmo` nani anashikilia yale majukumu makuu matano ya domeni, yahamishie seva mpya, kisha uishushe cheo rasmi. Seva iliyozimwa kienyeji inabaki kama mzimu: kompyuta zinaendelea kuitafuta, watu wanalalamika kwamba kuingia asubuhi kunachukua dakika tano.

Futa majina yake kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, hasa yale ya nje. Ondoa kazi zake za bakapu, akaunti zake za huduma, na programu ya kuingilia kwa mbali, AnyDesk au TeamViewer, iliyosajiliwa kwa jina lake. Kisha nenda kwenye ruta au fayawoli ufute kila mlango uliofunguliwa kuelekea anwani yake. Hili husahaulika sana, na hatari yake haionekani mara moja. Miezi sita baadaye unanunua kinasa cha kamera, kinapewa anwani ile ile ya zamani, na ghafla dunia nzima inaweza kukibishia hodi kwa sababu mlango haukuwahi kufungwa.

Nywila zote zilizowahi kutumika kwenye seva hiyo zibadilishe sasa, usingoje diski zifutwe.

Hatua ya 4: Karatasi ya diski

Hapa ndipo pa kukaa. Chora jedwali: namba ya kiwanda ya seva, nafasi ilipokaa diski, aina, ukubwa, namba ya kiwanda ya diski, njia ya kufuta, tarehe, aliyefuta, aliyeshuhudia, ilikokwenda. Mstari mmoja kwa diski moja. Kisha hesabu mara tatu kwa njia tatu tofauti.

Hesabu ya kwanza ni ya programu. Kwenye Linux `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` inatosha kama diski zimeunganishwa moja kwa moja. Nyuma ya kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, haitoshi: utaona diski moja ya terabaiti 10 wakati ndani kuna sita. Hesabu ya pili, basi, iombe kadi yenyewe, kwa `storcli /c0/eall/sall show` au kwa ukurasa wa usimamizi wa seva, iDRAC kwa Dell au iLO kwa HP. Ya tatu ni ya macho. Zima, fungua kifuniko, shika tochi. Hesabu tatu zikigongana, usiendelee mpaka ujue kwa nini.

Diski hujificha. Ziko za mbele, ambazo kila mtu anaziona. Ziko za nyuma, kama zile za R720xd yangu. Kuna diski nyembamba kama vijiti, za M.2, zilizolala kwenye bodi au kwenye kadi. Kuna kadi za SD ndani kabisa, mara nyingi mbili pacha, ambamo watu waliweka VMware ESXi, programu ya kuendeshea kompyuta pepe. Kuna flashi kwenye tundu la USB la ndani. Nje ya seva kuna kanda za sumaku za LTO za bakapu, diski za bakapu za mkononi, na kasha la NAS, lile la diski za pamoja za mtandaoni, lililokaa juu ya kabati likila vumbi.

Halafu kuna droo. Kila ofisi ina droo ya diski zilizokufa, zile zilizobadilishwa taa ilipogeuka ya njano. Watu huziona mfu, kumbe diski iliyotolewa kwa sababu ya makosa machache bado inasomeka sehemu kubwa. Kama ilikuwa kwenye RAID 1, ina kila kitu, ni pacha kamili. Kama ilikuwa RAID 5, ina vipande, na wengi wanajifariji hapo. Kipande kimoja cha kilobaiti 64 kinabeba herufi zaidi ya elfu sitini. Hiyo ni orodha ya wafanyakazi yenye majina, namba za simu na mishahara, na nafasi inabaki.

Bandika kila diski kipande cha karatasi ya gundi, andika kwa kalamu ya wino mzito namba 1, 2, 3 mpaka mwisho. Mstari mmoja kwenye karatasi yangu husomeka hivi: "9. Nyuma, kulia. SAS, GB 300. Namba inaishia 7KQ2. Haijafutwa." Neno la mwisho litabadilika baadaye, yaliyotangulia hayaguswi.

Hatua ya 5: Kufuta

Kwanza tuondoe uvumi. Kufomati haraka hakufuti kitu. Kunachana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya diski 158 walizonunua mitumba. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Moja ilitoka kwenye mashine ya kutolea pesa huko Illinois.

Uvumi wa pili ni wa kuandika mara nyingi. Utasikia mara 3 za jeshi la Marekani, utasikia mara 35 za Peter Gutmann. Zile 35 zilitoka kwenye andiko lake la mwaka 1996, zikilenga teknolojia mbalimbali za diski za enzi hizo, na mwenyewe baadaye alishangaa watu wanavyozikariri kama dua. Kwa diski ya kuzunguka ya leo, andika juu yake yote mara moja, kisha uthibitishe. Ndivyo inavyosema pia NIST SP 800-88, mwongozo wa Marekani unaofuatwa na wengi duniani, ambao unagawa kazi hii ngazi tatu: kufuta, kusafisha hadi ndani, na kuharibu.

Piga hesabu ya muda kabla hujamwahidi mtu. Diski ya terabaiti 4 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde itakula saa saba na nusu hivi. Kuisoma tena kuthibitisha, saa nyingine kama hizo. Diski nyingi zinaweza kwenda sambamba, ila joto litapanda, weka feni.

Kwa diski za kuzunguka natumia ShredOS, inayokaa kwenye flashi na kukuletea programu ya nwipe moja kwa moja. DBAN iliyozoeleka haijapata toleo jipya tangu 2015 na inahangaika na vifaa vya siku hizi, iache ipumzike. Fanya kazi kwenye kompyuta isiyo na diski nyingine yoyote unayoihitaji. Tofauti ya `sda` na `sdb`, majina ya diski kwenye Linux, ni herufi moja, na hakuna atakayekuuliza mara mbili.

Kadi za RAID zina kero yake. PERC H710, iliyojaa kwenye seva za Dell za kizazi kile, haikubali kukuonyesha diski mbichi. Inataka kila moja uigeuze kuwa RAID 0 ya peke yake. Ukifuta kwa njia hiyo unafuta kile kadi inachokuonyesha tu, na kuna eneo dogo kadi inajiwekea kumbukumbu zake ambalo huligusi. Naona heri kuzitoa diski. Za SATA nazichomeka kwenye kompyuta ya kawaida, za SAS, aina ya diski za seva, kwenye kadi ya HBA kama LSI 9211-8i iliyowekewa programu ya kupitisha diski bila kuzigusa. Ni kazi zaidi, lakini namba ya kiwanda unaiona kwenye skrini na kwenye lebo kwa wakati mmoja.

SSD, diski isiyozunguka inayohifadhi data kwenye chipu, ni habari nyingine. Ndani yake kuna kidhibiti kinachohamisha data huku na huku ili chembe zisichakae upande mmoja, na kuna akiba ya nafasi ambayo kompyuta haiioni kabisa. Ukiandika juu yake, unaandika pale kidhibiti kilipoamua, na data ya zamani inaweza kubaki kwenye akiba. Kwa hiyo unamwamuru mwenye nyumba, yaani kidhibiti, afute mwenyewe. Kwa SSD ya SATA, ukiwa kwenye Linux, anza na:

`hdparm -I /dev/sdb`

Tafuta maneno `not frozen`. Ukikuta `frozen` bila `not`, ilaze kompyuta usingizi kisha uiamshe, mara nyingi inalegea. Baada ya hapo:

`hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdb`
`hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sdb`

Hiyo `p` ni nywila ya muda, na nimeiacha herufi moja kwa makusudi. Umeme ukikatika katikati, na huku kwetu utakatika, diski inabaki imefungwa kwa nywila hiyo. Ukiwa uliweka kitu cha ajabu usichokikumbuka, umejitengenezea kipande cha plastiki. Iandike kwenye karatasi, na kompyuta ya kufutia ikae kwenye UPS.

Kwa SSD za aina ya NVMe:

`nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`

Ukiweka `--ses=2` unaagiza diski inayojisimba itupe ufunguo wake wa ndani, na kilichobaki kinageuka kelele zisizosomeka. Inachukua sekunde. Hali kadhalika kwa diski zilizosimbwa kwa BitLocker au LUKS, mwenzake wa Linux, tangu siku ya kwanza: kuharibu funguo kunafanya kazi kubwa, mradi usimbaji uliwashwa kabla data haijaingia na funguo hazina nakala kwenye daftari la mtu.

Usiamini tu kwamba amri imetii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliposhughulika na SSD mwaka 2011 walikuta amri za kufuta za baadhi ya SSD hazifanyi kazi sawasawa, na moja iliripoti mafanikio huku data ipo. Kwa data nyeti sana, futa kwa amri halafu uharibu.

Diski isiyowaka au inayogoma usipigane nayo. Andika "imekufa, inakwenda kuharibiwa" na uitenge.

Hatua ya 6: Thibitisha

Kwa diski iliyojazwa sifuri kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote:

`hexdump -C /dev/sdb`

Programu hii inapokuta mistari inayofanana haiirudii, inaweka nyota moja. Diski safi ya terabaiti nzima, baada ya saa nyingi za kusomwa, inakupa mistari mitatu: mstari wa sifuri, nyota, na namba ya mwisho wa diski. Kukiwa na kitu chochote kimebaki, kitajitokeza hapo kama jiwe kwenye mchele. Piga picha skrini ikiwa pamoja na diski na namba yake ya gundi. Kwa diski iliyofutwa kwa kutupa ufunguo usitegemee sifuri. Unachotazama ni kwamba hakuna neno linalosomeka wala mgawanyo wa diski unaotambulika.

Mpe mtu mwingine, asiyefuta yeye, achague diski tatu bila mpangilio azijaribu kwa programu ya kurejesha mafaili kama PhotoRec. Mhasibu anaweza. Tena afadhali mhasibu, watu wa hesabu hawana haya ya kuuliza.

Hatua ya 7: Vinavyokumbuka bila kuwa diski

iDRAC na iLO ni vijikompyuta kamili ndani ya seva, vyenye nywila, anwani za mtandao, na pengine akaunti ya kuingilia domeni. iDRAC irudishe kiwandani kwa `racadm racresetcfg`. HPE ProLiant kuanzia Gen10 zina kipengele chake cha kufuta kila kitu kwa pamoja. Futa TPM, chipu inayotunza funguo, kwenye BIOS. Kadi ya RAID ina kumbukumbu yenye betri inayoweza kushikilia data iliyokatishwa na umeme kabla haijafika kwenye diski, nayo isafishe. Swichi na ruta zinazoondoka pamoja na seva zirudishe kiwandani pia, maana usanidi wake una nywila za VPN.

Mwisho bandua stika. Nimewahi kukuta anwani ya mtandao, jina la mtumiaji na nywila ya msimamizi kwenye kipande kimoja cha karatasi juu ya kifuniko, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Hatua ya 8: Kuharibu

Tundu moja la drili kwenye diski ya kuzunguka linaizuia isiwake, lakini sahani zilizobaki bado zimeandikwa. Kwa ofisi isiyo na mashine ya kupasulia, fungua kwa bisibisi ya Torx, toa sahani, zikunje na kuzikwaruza. Vaa miwani. Sahani za diski ndogo za inchi 2.5 mara nyingi ni za kioo, zinapasuka vipande kama bilauri. SSD ina chipu kadhaa nyeusi kwenye bodi, na kila moja lazima ivunjike; nyundo ikipiga katikati na kuacha chipu ya pembeni nzima, hujafanya kitu. Mashine ya sumaku inaua diski ya kuzunguka na kanda, haiwezi kabisa kuigusa SSD.

Usichome moto. Moshi wa plastiki na bodi una sumu, na wanaouvuta ni majirani zako.

Hatua ya 9: Iende wapi

Seva yenyewe ikiwa bila diski bado ina thamani: RAM, prosesa, vifaa vya umeme. Uza, au peleka chuo cha ufundi wanafunzi waifungue wajifunze. Diski zilizofutwa zikathibitishwa zinaweza kuuzwa pia, ila mimi nikiulizwa nasema bei ya diski kuukuu haifiki thamani ya usingizi wa mkurugenzi. Usimpe mnunua skrepa wa mtaani anayepima kwa kilo. Atachukua shaba na alumini, mengine yataishia dampo la Pugu au pembeni ya mto.

Tanzania ina kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021, na anayekusanya, kusafirisha au kuchakata anatakiwa awe na kibali cha mazingira. Omba kukiona, usome tarehe ya kuisha. Nairobi kuna WEEE Centre, Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Kama mtu anakuambia atasafirisha nje, jua kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, unataka ridhaa ya nchi inayopokea kwa taka zote za elektroniki, za sumu na zisizo za sumu. Betri za UPS zina risasi na tindikali. Ziende peke yake, zikiwa zimesimama wima.

Hatua ya 10: Makaratasi ya mwisho

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wajibu wa kulinda taarifa za watu hauishii pale seva inapozimwa. Kenya, kwa sheria yake ya 2019, uvujaji unaoweza kumdhuru mtu unaripotiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Ukija kuulizwa, karatasi ya diski ndiyo utakayoitoa. Iambatanishe na picha za skrini, hati ya makabidhiano na cheti cha uharibifu kutoka kwa mchakataji, uiweke na kumbukumbu za uhasibu. Mhasibu naye aifute seva kwenye rejista ya mali.

Cheti kisiandikwe "diski mbalimbali". Kiandikwe namba za kiwanda, moja moja, na ukilinganishe na karatasi yako ukiwa umekaa, si mlangoni dereva akikuharakisha. Mwaka jana nilifanya kazi hiyo kwenye ghala moja barabara ya Nyerere. Karatasi yangu ilikuwa na mistari 14, fomu ya dereva ilikuwa na namba 13. Tukampigia simu kabla hajafika Tazara, akarudi, tukashusha makasha yote matatu tukahesabu upya juani. Zilikuwa 13 kweli. Ya 14 tuliikuta mezani kwa mtu wa kompyuta, chini ya katoni ya maji ya kunywa. Alikuwa ameichukua jana yake jioni aone kama itafaa kwenye kompyuta ya mapokezi.